Ujuzi wa Kutosha si Ufasaha: Kuhusu Maneno Yanayopima Lugha ya Mwombaji Uraia

Ndugu wasomaji wa kurasa hizi wamekwisha kuzoea kuliona neno moja likiitwa mbele, likapekuliwa asili yake na matumizi yake, kisha likahukumiwa kama lafaa au halifai. Safari hii siliiti neno moja. Nayaita maneno matano ambayo katika ofisi zetu hutumiwa kana kwamba ni neno moja lenye sura tano: ujuzi, ustadi, ufasaha, umahiri na umilisi wa lugha. Sababu ya kuyaita si kupenda ubishi. Maneno hayo huandikwa katika barua na vyeti ambavyo mtu huambatanisha na ombi lake la uraia, au la ruhusa ya kwenda kukaa katika nchi nyingine, na neno lililochaguliwa kwa haraka na karani, mfasiri au mwalimu laweza kuifanya karatasi ipokewe au irudishwe.

Naandika kutoka Natta, Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara, nilikofundisha Kiswahili katika shule ya msingi mpaka nilipostaafu. Kijijini kwetu yupo fundi cherehani aliyezaliwa upande wa Kenya, katika nchi ya Wakurya iliyo ng'ambo ya Sirari, akaja huku akiwa kijana kumfuata mjomba wake. Sare za wanafunzi wangu kwa miaka mingi zilishonwa na mikono yake. Jioni moja alikuja nyumbani, akasalimu, akakaa, akanyamaza kama wanyamazavyo watu wenye haja. Kisha akasema, "Mwalimu, nimeanza kuomba uraia. Wanataka mtu wa kusema kwamba Kiswahili nakijua. Nami sikuona mwingine wa kumwendea ila wewe."

Nikamwandikia barua fupi. Nilisema kwamba namfahamu mwombaji kwa zaidi ya miaka 20. Kwamba hukisema, hukisikia na hukisoma Kiswahili. Na kwamba ujuzi wake wa lugha hiyo watosha kwa maisha yake ya kila siku na kwa kutimiza wajibu wa raia. Baada ya majuma matatu akairudisha. Katika ofisi moja, ambayo sioni haja ya kuitaja, karani aliisoma akasema haifai. Kinachotakiwa ni "cheti cha ufasaha wa Kiswahili". Tena, fundi alipotakiwa kutia sahihi mahali fulani, alisema, "Naomba karamu." Karani akacheka, akamwuliza kama amekuja kuomba uraia au amekuja kula. Fundi alinisimulia hayo kwa kucheka, kama mtu asimuliavyo jambo ambalo bado linamwuma.

Nianze na hiyo karamu, maana ndiyo inayoonyesha hatari ya neno ufasaha. Kikurya hakina sauti ya l. Aliyelelewa katika lugha hiyo huipokea kalamu ya Waswahili kwa sauti aliyo nayo, nayo ikawa karamu. Hili si jambo la watu wa ng'ambo ya mpaka peke yao. Tarime hali ni hiyo hiyo, na huku Serengeti sisi wenye lugha ndugu twajuana. Nimefundisha watoto wa wenyeji kwa miaka mingi, nami nakiri kwamba wapo niliowafundisha, raia wa kuzaliwa, baadhi yao watumishi wa serikali wenye vyeo vyao, ambao hata leo huandika kalamu na kutamka karamu. Hakuna aliyepata kuwadai cheti. Ikiwa kipimo cha raia ni kutamka kama mtangazaji wa redio, basi itabidi tuanze kuwavua uraia walimu wenzangu.

Sasa tuitazame sheria yenyewe. Sheria ya Uraia wa Tanzania, Na. 6 ya 1995, ambayo ni Sura ya 357 ya sheria zetu na ambayo ilichukua nafasi ya ile ya 1961, hutaja katika Jedwali la Pili sifa za mtu anayetaka uraia wa tajnisi. Awe amekaa nchini kwa miezi 12 mfululizo kabla ya siku ya kuomba. Katika miaka 10 iliyoitangulia miezi hiyo, awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Awe na tabia njema, awe na mchango katika uchumi, sayansi au ustawi wa Taifa, na awe na nia ya kuendelea kukaa. Kuhusu lugha, sharti ni moja: awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au wa Kiingereza.

Yafaa kuangalia tofauti ya namna ya kusema. Penye muda, sheria imehesabu kwa tarakimu, hata mtu asiye mwanasheria aweza kujua kama amefika au hajafika. Penye lugha imeacha kuhesabu. Sharti hilo halitaji mtihani, halitaji alama, wala halitaji cheti. Limetumia maneno mawili tu, moja la kujua na moja la kutosha, na yote mawili ni ya kadiri.

Sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, kama zilivyoandikwa karibu sheria zetu zote mpaka marekebisho ya 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo neno la Kiswahili litumikalo ofisini halikutoka kwa aliyetunga sheria. Limetoka kwetu sisi wafasiri, walimu na makarani. Tulipoukuta ujuzi wa kutosha katika lugha ya kigeni tukaurudisha nyumbani ukiwa ufasaha, tuliongeza sharti ambalo Bunge halikulipitisha. Kosa kama hilo likifanywa katika hadithi laweza kusamehewa. Likifanywa katika karatasi ya uraia huwa ni kutunga sheria kwa mlango wa nyuma.

Na "kutosha" ni neno lenye masharti yake. Halisimami peke yake. Lazima liulizwe, chatosha kwa kazi gani? Fundi wangu ajua vizuri zaidi yangu kwamba kitambaa kinachotosha kaptula ya mtoto wa darasa la pili hakitoshi suruali ya mwalimu mkuu, na kwamba kosa la kitambaa kupungua aghalabu ni la aliyepima. Ufasaha hauna swali hilo. Ufasaha asili yake ni Kiarabu, nao hutaja usafi na uzuri wa usemi: maneno yaliyochaguliwa, matamshi yasiyo na doa, sentensi zisizokwaza. Twamsifu kwa ufasaha malenga, hatibu na wakili. Ni sifa ya kupongezwa kwayo, wala haijawa wajibu wa mtu yeyote. Mtu husema, "Fulani ni msemaji fasaha," kwa kuwa walio wengi si wasemaji fasaha, nasi wengi huo ndio sisi.

Ustadi una nafuu. Ni neno la kazi na la mikono. Hata mtoto akisikia ustadi hufikiri ushonaji, useremala au uchongaji. Walimu tumelitumia vizuri katika kutaja stadi nne za lugha, yaani kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, na hapo lina faida kubwa kwa kuwa lamlazimisha mwenye kuthibitisha aseme anathibitisha kipi. Mtu aweza kuwa stadi wa kusikiliza na kuzungumza asijue kuandika jina lake. Lakini kusema "ustadi wa Kiswahili" kwa jumla, bila ya kutaja ni stadi ipi, ni kurudi kule kule kwenye sifa.

Umahiri nao umepandishwa cheo. Vyuo vikuu vyetu huita shahada ya pili kwa jina la shahada ya umahiri, ingawa wengine huiita ya uzamili. Mahiri, basi, ni mtu aliyebobea. Twawezaje kumwita mtu mahiri mbele ya profesa, kisha tukatumia neno hilo hilo kwa mshonaji wa Natta au kwa dereva wa lori anayeomba kukaa nchini? Mmoja wao atakuwa amedhulumiwa, na sidhani kama atakuwa profesa.

La mwisho ni umilisi. Hili ni neno la wanaisimu, nao walilipokea kwa makusudi maalumu: kutaja ujuzi wa lugha uliomo akilini mwa msemaji, ambao hauonekani, ili kuutofautisha na utendi, yaani lugha inavyotumika kweli kweli mdomoni na kwenye karatasi, pamoja na kukohoa, kusahau na kukosea kwake. Mtihani huona utendi tu. Umilisi hukisiwa kutokana na utendi, hauguswi. Kwa hiyo "cheti cha umilisi wa lugha", jina ambalo siku hizi hupendwa kwa kuwa lina sauti ya kitaalamu, hudai kuthibitisha kitu ambacho wenye istilahi yao wasema hakiwezi kutazamwa moja kwa moja. Neno likiazimwa kutoka taaluma fulani, yafaa liazimwe pamoja na maana yake.

Limebaki ujuzi, neno la kijijini lisilo na makuu. Lina ubora mmoja ambao mengine hayana: lakubali kupimwa kwa kadiri. Twasema ujuzi kidogo, ujuzi wa kutosha, ujuzi mwingi, wala sikio halishtuki. Hebu mtu aseme "ufasaha kidogo" au "umahiri wa kutosha", aone jinsi maneno yanavyogombana.

Hapa niseme kidogo juu ya neno cheti, maana karani wetu alikataa barua akataka cheti. Neno hili lilitujia kutoka Kihindi, na kule maana yake ni barua. Katika Kiswahili cha wazee cheti kilikuwa kijikaratasi cha kupeleka habari: cheti cha daktari, cheti cha kuchukulia mzigo, cheti cha mwalimu kwa mzazi. Kwa maana hiyo barua yangu ilikuwa cheti kamili. Leo cheti ni karatasi ngumu yenye nembo na muhuri, itolewayo na chombo kilichomfundisha mtu au kumtahini. Mabadiliko hayo ni halali, lugha haikatazwi kukua. Lakini yatupasa tukubali matokeo yake: mtu asiyefundishwa na chombo wala kutahiniwa hawezi kuwa na cheti, hata akiwa ameishi katika Kiswahili maisha yake yote. Atakachoweza kuwa nacho ni shahidi. Barua ya uthibitisho ni ushahidi, cheti ni matokeo. Fomu ikitaka kimoja isiandike kingine.

Wapo watakaosema kwamba twatafuta makosa nyumbani ilhali nchi nyingine zimekwisha kuyatatua mambo haya kwa mitihani. Ni kweli zimetunga mitihani. Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilitangaza ngazi sita za kupimia lugha, kuanzia A1 ya mwanzo hadi C2 ya juu kabisa, na nchi nyingi zikaziingiza katika sheria zao za uhamiaji. Ujerumani tangu 2007 humtaka mume au mke anayetoka nje kumfuata mwenzake aonyeshe, isipokuwa kwa walioachiliwa sharti hilo, kwamba amefika A1 ya Kijerumani. Uingereza ilifanya kama hivyo kwa Kiingereza mwaka 2010. Binti wa huku Mara aliyeolewa huko hana budi kwanza asafiri mpaka Dar es Salaam, akajifunze na kutahiniwa, ndipo aombe kibali.

Nimeletewa zaidi ya mara moja tafsiri za vyeti hivyo vya A1, na kichwa chake katika Kiswahili kilikuwa "Cheti cha Umahiri wa Lugha". Msomaji atazame jambo hilo kwa makini. Mwenye A1 ni mtu awezaye kutaja jina lake na atokako, kuuliza bei, kuelewa anapoambiwa polepole. Ngazi hiyo iliwekwa kuwa ya chini kabisa, nayo waliiweka wenyewe. Mfasiri wetu amempandisha mtu huyo kwa kalamu moja akamfanya mahiri. Huku fundi cherehani, ambaye hupatana bei, hupima, husoma ujumbe wa simu na husuluhisha ugomvi wa majirani kwa Kiswahili, tumemshusha tukasema hajafika. Neno lile lile limedanganya mara mbili, kwenda na kurudi.

Hata hiyo mitihani ya wenzetu ina historia ambayo mwenye kuiga hana budi kuisoma. Koloni la Natal, Afrika ya Kusini, lilitunga mwaka 1897 sheria ya kumzuia mhamiaji asiyeweza kuandika ombi lake katika lugha ya Ulaya, na walioelekezewa shabaha walikuwa hasa Wahindi. Australia ikaifuata njia hiyo mwaka 1901. Huko afisa aliweza kumsomea mgeni maneno 50 ya imla katika lugha yoyote ya Ulaya. Akishindwa kuyaandika hakubaliwi. Afisa ndiye aliyeichagua lugha, kwa hiyo asiyetakiwa alichaguliwa lugha asiyoijua. Mwaka 1934 mwandishi Egon Kisch, mzaliwa wa Prague aliyejua lugha kadhaa za Ulaya, alisomewa imla ya Kigeli cha Uskoti. Akashindwa, akafikishwa mahakamani, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Australia, nayo ikaamua kwamba lugha hiyo haikuwa "lugha ya Ulaya" kwa maana iliyokusudiwa na sheria. Waskoti wengi hawakufurahi kusikia hivyo. Imla iliondolewa mwaka 1958.

Kisa hicho kina mkia. Sheria ya Uraia ya Uingereza ya 1981 ilipotaja lugha za mwombaji, ilisema awe na ujuzi wa kutosha wa Kiingereza, au Kiwelisi, au Kigeli cha Uskoti. Lugha iliyotumiwa kuwa mtego mwaka 1934 ikawa mlango miaka 47 baadaye. Na neno lililotumika humo ni lile lile la kutosha, kama la kwetu. Lakini halikuachwa likae hivyo. Mwaka 2005 likaongezewa mtihani wa maarifa ya maisha ya Uingereza, na tangu Oktoba 2013 waombaji wengi hutakiwa pia kuonyesha ngazi ya B1 ya kusema na kusikia. Neno la kadiri lisipopewa maana na walio nalo, hupewa maana na mwingine. Huko limepewa na kanuni zilizochapishwa, ambazo mtu aweza kuzisoma na kuzipinga. Huku kwetu nahofu kwamba lapewa na karani aliye mezani siku hiyo.

Jirani zetu Wakenya nao wana somo la kutupa, na ni somo la tafsiri. Sheria yao ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, inapowazungumzia watu wasio na utaifa waliokaa Kenya tangu 12 Desemba 1963, yataka wawe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au wa lugha nyingine ya huko. Lakini Kiingereza cha sheria hiyo hakikusema lugha. Kilitumia lile neno ambalo kamusi zetu hulifasiri kuwa lahaja. Mfasiri asiye mwangalifu ataandika "Kiswahili au lahaja ya mahali". Kwa mtu wa pwani lahaja ni Kimvita, Kiamu, Kiunguja au Kimtang'ata. Mtu huyo atasoma kwamba Kikurya, Kimakonde na Kijaluo ni lahaja za Kiswahili, au atasoma kwamba asiyejua Kimvita hana haki. Kinachotakiwa hapo ni "lugha ya jamii" au, kwa wasiochukizwa na neno hilo, "lugha ya kienyeji". Nawakumbuka Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, wakakaa miongo mingi bila kitambulisho mpaka serikali ilipowatambua mwaka 2016. Kwa watu kama hao, tofauti ya lugha na lahaja haikuwa mjadala wa darasani.

Kwa sisi wa mpakani yapo mazito zaidi. Mtu asiye na utaifa anayejua Kikurya peke yake, akiwa upande wa Isebania, lugha yake yahesabika. Akivuka hatua chache kuingia Sirari, haihesabiki. Sisemi kwamba sheria yetu imekosea kukitanguliza Kiswahili. Kiswahili ndicho kilichotufanya sisi wa makabila haya tusikilizane, na singependa kuona msingi huo ukitikiswa. Ninachoshangaa ni kule kuongezwa Kiingereza. Kwa maandishi ya sheria, mgeni ajuaye Kiingereza tu ametimiza sharti la lugha. Na mgeni huyo akija mnadani Natta hawezi kuuliza bei ya mbuzi. Sheria zikiwa zinahamia katika Kiswahili, wenye mamlaka wataona wenyewe kama "au" hiyo bado ina kazi.

Tuna kipimo chetu wenyewe ambacho tumekisahau. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1975 ukafanyika mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo. Nilikuwa mwalimu kijana, nikawa miongoni mwa waliosimamia madarasa ya jioni. Wazee walipangwa katika ngazi nne. Aliyekuwa katika ngazi za mwanzo alitambua herufi, maneno na sentensi fupi. Wa ngazi ya tatu alisoma habari rahisi, akaandika ujumbe na kufanya hesabu ndogo. Wa ngazi ya nne aliweza kusoma gazeti, kufuata maelezo ya kilimo bora na kuweka hesabu zake mwenyewe. Hakuna mahali palipoulizwa kama mzee ni fasaha au mahiri. Kila ngazi ilielezwa kwa kitenzi: anaweza kufanya nini. Bibi mmoja wa darasa langu, aliyetamka kila l kuwa r, aliweka daftari la mauzo ya pamba ambalo makarani wa chama cha ushirika waliliheshimu. Ndivyo lugha ipimwavyo.

Nafahamu pingamizi la maafisa, nalo si dogo. Barua za marafiki zaweza kuwa za uongo; mwalimu aweza kuandika kwa huruma au kwa kupewa jogoo; Taifa lina haki ya kujua limempa nani uraia. Nakubali yote, hata la jogoo. Wakitaka mtihani mmoja wa nchi nzima, uwekwe kwa kanuni iliyoandikwa na kutangazwa, ufanyike wilayani ili mtu wa Natta asitumie nauli kubwa kuliko cherehani yake, na wazee wasiojua kusoma watahiniwe kwa mdomo. Lakini mtihani hautaondoa haja ya kuchagua neno. Wakati wakimbizi wa 1972 kutoka Burundi waliokaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipokubaliwa uraia mwaka 2010, zaidi ya watu 160,000, na hati zikaanza kugawiwa 2014, ingekuwaje kama kila mmoja angedaiwa ufasaha? Watoto wao walikwisha kusoma kwa Kiswahili shuleni. Wazee walikwisha kuuza mahindi na tumbaku kwa Kiswahili. Walikuwa na ujuzi wa kutosha kwa maana ya neno hilo, wala hapakuwa na neno jingine la haki la kuwaelezea.

Napendekeza, basi, kwa Baraza na kwa wafasiri wanaoshughulikia sheria, kwamba katika maandishi ya uraia na uhamiaji pasemwe "ujuzi wa lugha" na pawekwe "wa kutosha" pale sheria inapotaka kiasi. Vyeti vya kigeni vyenye ngazi viitwe "vyeti vya ngazi ya lugha", na ngazi yenyewe itajwe kama ilivyo, bila kuipandisha wala kuishusha. Stadi zitajwe kwa majina yake. Umahiri uachiwe vyuo vikuu, umilisi uachiwe wanaisimu, na ufasaha uachiwe watu wenye bahati hiyo. Anayeandika barua ya uthibitisho aseme mwombaji anaweza kufanya nini katika Kiswahili, naye aseme amemjua kwa muda gani na kwa shughuli gani, ili asomaye aweze kumpima shahidi pamoja na anayeshuhudiwa.

Kwa kufuata maneno hayo hayo nilimwandikia fundi barua ya pili. Nilisema kwamba hupokea maagizo ya wateja na kuwaandikia risiti. Kwamba alihudhuria mikutano ya wazazi na kuuliza maswali yaliyowasumbua walimu. Kwamba alisoma mbele yangu tangazo la kijiji na kunieleza maana yake. Nikaongeza mstari mmoja kwamba hutamka l kuwa r kama wakazi wengi wa mkoa huu. Barua imepokewa, na yeye ameambiwa angoje.

Limebaki neno tajnisi, ambalo fundi alipolisoma kwenye fomu aliniuliza kama ni ugonjwa. Wanakijiji husema "kupewa uraia", nasi wenye kamusi tumeshikilia Kiarabu ambacho hata makarani hukitamka kwa kubahatisha. Hilo lataka makala yake, na ningependa kusikia kwanza wasomaji wa Kigoma na Kagera, ambako fomu hizo hujazwa kwa wingi, wanaliitaje.